Uchambuzi wa Kisa: Kamera za Nyumbani katika Kumtafuta Mzee Aliyepotea Lubumbashi

Kuhusu maelezo haya

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mwezi wa Juni wa mwaka wa karibuni. Majina ya watu, ya avenyu (barabara za mtaa) na ya kartie (mitaa) yameondolewa, na mambo madogo ya familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa matukio haukuguswa. Nyakati zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, kama mashine za kamera zinavyoziandika. Pale ambapo saa ya mashine ilitofautiana na saa halisi ya Lubumbashi nimeitaja tofauti hiyo, kwa kuwa nusu ya kisa imo ndani yake.

Usuli

Mzee anayehusika ana umri uliopita miaka 70. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tangu ujana wake, akaishi na familia yake katika kambi ya wafanyakazi isiyo mbali na kiwanda chenye bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua, kisha akaacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, uliowagusa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo. Sasa anaishi kwa binti yake, pamoja na mkwe na wajukuu, katika kartie mpya ya pembezoni mwa mji. Kwa muda wa miaka miwili hivi kumbukumbu yake imekuwa ikififia: wenzake wa zamani wa kazini anawataja mmoja mmoja bila kukosea, lakini humwuliza binti yake mara kadhaa kwa siku kama chakula cha mchana kimekwisha kuliwa. Familia ilijua pia kwamba wakati wa baridi huamka kabla ya mapambazuko, huvaa koti lake zito la kazi na kusema kwamba atachelewa posti (zamu) ya asubuhi. Walizoea kumwambia, “Baba, leo ni siku ya mapumziko,” naye akarudi kulala.

Katika kartie hiyo, kama katika nyingine nyingi za mji, wenye parseli (viwanja) wameweka kamera kwa sababu ya wezi wa usiku, kila mmoja kwa uwezo wake na kwa fundi wake. Hakuna aliyeziweka kwa ajili ya kumtafuta mtu aliyepotea. Zimeelekezwa getini na ukutani, na barabara huonekana kwa sababu tu ipo mbele ya geti. Kamera za sehemu tatu ndizo zinazohusika hapa. Nyumba A iko kwenye kona ambayo kila anayetoka katika avenyu ya familia ni lazima aipite; ina kamera nne, mashine ya kurekodi iliyounganishwa na intaneti, na betri za kuiendesha wakati wa delestaji (mgawo wa umeme). Baada ya kona hiyo barabara hufika kwenye njia panda. Mkono wa kushoto, unaoelekea reli na upande wa kambi ya zamani, kuna Nyumba B, yenye kamera moja ya sola inayoamka pale tu kihisi chake cha joto kinapogundua kitu kinachosogea. Mkono wa kulia, unaoelekea soko na kanisa la familia, kuna Depo C, ambayo mashine yake hurekodi bila kukoma mradi umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) upo, na huzimika umeme unapokatika.

Mtiririko wa matukio

Siku ya Jumatano, saa 06:50, binti alikuta kitanda cha baba yake ni kitupu na mlango mdogo wa geti umeegeshwa tu. Koti la kazi, la buluu iliyokoza hadi kukaribia nyeusi, halikuwapo. Viatu vilikuwapo, ndara hazikuwapo, na simu ilibaki mezani. Jirani mmoja aliishauri familia isiende polisi kabla ya saa 48 kupita, ushauri ambao huzunguka katika kila mji na ambao sijui nani aliuanzisha. Mama shefu wa avenyu, yaani kiongozi wake, aliukataa papo hapo, akaongozana na binti hadi komisariati (kituo cha polisi). Ofisa wa polisi wa upelelezi, yaani OPJ, aliyewapokea aliandika maelezo yao bila kungoja, akaomba picha ya karibuni badala ya ile ya kadi ya mpiga kura, kisha akauliza swali ambalo familia haikulitarajia: ni nyumba zipi zenye kamera kati ya geti lenu na barabara kubwa, na je, wenye nyumba hizo wanaondoka saa ngapi kwenda kazini?

Kabla ya saa 10:00 walikuwa mbele ya skrini ya Nyumba A. Kwenye saa 04:05 ya mashine, mtu mmoja alionekana akipita taratibu, mikono nyuma, kuelekea njia panda. Pikipiki ilipunguza mwendo kando yake, ikasimama kwa sekunde chache, ikaendelea. Koti la mtu huyo lilionekana la rangi ya majivu, karibu jeupe. Binti alisema, “Huyu si baba. Koti la baba ni jeusi kabisa.” Video ikawekwa kando, na watu wakatawanyika kutafuta katika mitaro na majumba yasiyokwisha kujengwa.

Karibu na mchana mjukuu, mwanafunzi wa chuo, aliomba kuiangalia tena. Hakuangalia koti. “Mama, angalia mguu wa kushoto wa nkambo,” alisema akimtaja babu yake, na wote wakauona mguu ule ukiburutwa kidogo kila baada ya hatua. Fundi wa kamera, aliyekuwa ameitwa na mwenye nyumba, ndiye aliyefumbua suala la koti. Usiku, taa ndogo zinazoizunguka lenzi hutoa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na picha inayopatikana haina rangi. Huonyesha tu kiasi cha miale hiyo kinachorudishwa na kila kitu. Rangi nyingi za nguo zinazoumeza mwanga wa kawaida huiacha miale ya infraredi ipite, nao uzi ulio chini ukairudisha, kwa hiyo kitambaa cheusi kinaweza kutoka cheupe kwenye picha, hasa kikiwa na uzi wa sintetiki. Mzee alikuwa na koti la pili la kitambaa kilekile. Lilipoletwa, fundi akailazimisha kamera kuingia katika hali ya usiku na kulitundika mbele yake, nalo likageuka rangi ya majivu mbele ya macho ya wote.

Likabaki suala la saa. Binti alikuwa na hakika kwamba alimsikia baba yake akikohoa chumbani mwake simu yake ilipolia saa 04:40 kumwamsha kwa sala. Kama ni hivyo, mzee angepitaje kwenye kona saa 04:05? Mkwe alidhani kwamba mkewe amechanganya siku. Fundi aliweka simu yake kando ya skrini: simu ilisema 12:20, mashine ikasema 11:20. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa na magharibi ziko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na katika orodha ya mashine hizo majina yote mawili yamo, Kinshasa na Lubumbashi. Aliyeifunga mashine alichagua la mji mkuu. Kwa kuwa mashine ilijisahihisha kila siku kupitia intaneti, ilikuwa imekosea kwa uaminifu mkubwa, saa moja kamili, bila kupungua wala kuzidi hata dakika.

Hata hivyo fundi hakutosheka na kipimo cha mchana huo peke yake, kwa kuwa saa inaweza kubadilishwa na mtu kati ya usiku na mchana. Alirudi kwenye rekodi ya alfajiri akatafuta dakika ambayo picha iliacha weusi na weupe ikaanza kuwa na rangi, jambo ambalo kamera hulifanya yenyewe mwanga wa asubuhi unapotosha. Mashine iliandika 05:12. Katika mwezi wa Juni jua la Lubumbashi huchomoza karibu na saa 06:25, na mwanga wa kutosha huanza kama robo saa hivi kabla ya hapo; 05:12 ingekuwa bado giza totoro. Kwa hiyo kosa la saa moja lilikuwapo usiku ule pia, na mzee alipita kwenye kona saa 05:05.

Tofauti hiyo haikuwa ya hesabu tu. Saa 04:05 barabara hiyo ni ya walinzi na mbwa. Saa 05:05 wanaingia waendesha baiskeli wa makala (makaa) kutoka vijijini, akina mama wa mikate wanawasha mbabula (majiko ya makaa) zao, na manseba (waendesha pikipiki za abiria) wa kwanza wanatoka kutafuta abiria. Saa ikisogezwa, mashahidi wanakuwa watu wengine.

Kwenye njia panda timu ilipatwa na jambo lililowagharimu siku nzima. Kamera ya Nyumba B, upande wa kushoto, haikuwa na kipande chochote cha video kati ya saa 04:00 na 06:00, isipokuwa paka mmoja na gari moja. Depo C, upande wa kulia, ilionekana haina rekodi ya usiku huo kabisa. Ukiitafuta tarehe ya siku hiyo, mashine ilijibu kwamba hakuna kitu. Timu ikahitimisha kwamba mzee hakupita kushoto, kwa hiyo alipita kulia. Kulia kulikuwa pia na kanisa analolipenda na soko analolijua. Mlinzi wa parseli iliyo karibu na Nyumba B alisema mapema alasiri kwamba aliona mzee mwenye koti akishika njia ya kushoto kabla ya kupambazuka. Aliambiwa kwamba kamera haikumwonyesha huyo mzee, naye akanyamaza. Jumatano yote iliyobaki ikatumika upande wa kulia, kanisani, sokoni, na katika hospitali, Sendwe ikiwa mojawapo.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiendelea kwenye simu. OPJ alikuwa ameomba video ya Nyumba A ibaki kwake, familia na shefu, na alikuwa anamtafuta yule mwenye pikipiki kwa utulivu. Lakini mtu mmoja aliyekuwa chumbani alikuwa ameirekodi skrini kwa simu yake. Alasiri video ilikwisha kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya kartie, ikiwa na saa isiyo sahihi pembeni na maneno yanayosema kwamba manseba amemteka mzee. Jioni kundi la vijana lilikwenda kwenye maegesho ya pikipiki likimtaka kijana aliyevaa jaketi kama la kwenye video. Mama shefu na polisi walifika kabla ya jambo baya kutokea. Kijana mwenyewe hakuwapo. Alipoiona video alizima simu na kujificha kwa dada yake. Aliletwa komisariati karibu saa 20:00 na wazee wa chama cha waendesha pikipiki, akaeleza kwamba alimwuliza mzee kama anataka kupelekwa mahali, na mzee akamjibu, “Ninaenda kazini, mwanangu, ni karibu,” huku akinyoosha mkono kuelekea kushoto.

Usiku huo kamera zilichunguzwa upya kwa namna tofauti. Mbele ya Nyumba B mjukuu alivaa koti la pili la babu yake na kutembea polepole ng'ambo ya barabara, upande ambao mtu anayetoka kwenye kona huangukia. Kamera haikuamka. Alipopita upande wa karibu iliamka, ikanasa mgongo wake tu akiwa anaondoka. Kihisi cha aina hiyo hugundua joto linalokatiza mbele yake, kwa umbali wa mita chache. Koti zito lililopoa kwa baridi ya alfajiri huficha joto la mwili, na kamera iliyolala ili kutunza betri huhitaji muda mfupi wa kuamka. Kwa maneno mengine, kamera ile isingemwona mzee hata kama angepita ng'ambo ile mara kumi.

Kwa Depo C ilikuwa kinyume chake. Fundi aliacha kutafuta kwa tarehe, akafungua orodha nzima ya mafaili yaliyo kwenye diski. Rekodi za usiku zilikuwapo, ila ziliandikwa tarehe 1 Januari 2000. Betri ndogo ya duara inayotunza saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika na kurudi saa ilianza upya kutoka mwanzo wa mwaka 2000, siku mpya zikilaliana juu ya zile za zamani. Ili kujua saa halisi, fundi alitafuta tukio lililoonekana pande zote mbili. Taa ya geti linalotazamana na Nyumba A iliwaka saa 03:29 ya mashine, yaani 04:29 halisi, umeme uliporudi. Rekodi ya Depo C ilianza muda huohuo. Lori lenye taa moja ya mbele lilipita kwenye kona na baadaye mbele ya depo, na tofauti ya dakika ikakubali. Kisha wakafanya jambo ninalolihesabu kuwa bora kuliko yote katika kisa hiki: waliwachukua watu wengine walioonekana Nyumba A alfajiri ile wakielekea njia panda, mmoja mmoja, na kuwatafuta kwenye Depo C. Waendesha baiskeli wawili na mama mwenye beseni kichwani, ambao wote walishika kulia, walionekana wazi. Mzee hakuonekana. Sasa kutoonekana kwake kulikuwa na uzito.

Alhamisi, saa 04:45, kikundi kidogo kilisimama mwanzoni mwa barabara ya kushoto na kuwauliza waliokuwa wakipita saa ile. Mwendesha baiskeli wa makala, ambaye huipita njia hiyo kila siku, alisema kwamba jana yake, karibu saa 06:00, alimwona mzee mwenye ndara ameketi penye kivuko cha reli. Mama anayeuza mikate kivukoni alikumbuka kumpa chai, akaonyesha upande alioshika. Saa 08:20 mzee alipatikana katika parseli moja kando ya reli, kama kilomita nne kutoka nyumbani, amefunikwa blanketi. Familia iliyomhifadhi ilikuwa imemjulisha shefu wa avenyu yao siku iliyotangulia, lakini huko ni komini (manispaa) nyingine, na habari za kupotea kwake hazikuwa zimevuka mpaka huo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa OPJ wa kuuliza kuhusu kamera katika saa ya kwanza ulitokana na jinsi diski zinavyofanya kazi. Kamera moja yenye picha safi ya kawaida, inayorekodi megabiti 2 kwa sekunde, hujaza karibu gigabaiti 21 kwa siku. Mashine yenye kamera nane na diski ya terabaiti moja hujaa katika siku tano au sita, kisha huanza kuandika juu ya zile za zamani bila kuuliza mtu; kamera zikiwekwa kwenye megabiti 4, muda huo hupungua hadi chini ya siku tatu. Anayesubiri saa 48 kwanza anaweza kukuta alichokihitaji kimefutwa. Sababu yake ya pili ilikuwa ya kawaida zaidi: mwenye nyumba akishaondoka kazini, mlinzi hana neno la siri.

Uamuzi wa kutoibeba mashine ya Nyumba A kwenda komisariati, ambao mkwe aliupinga, ulikuwa sahihi. Kuichomoa kungekatiza kurekodi wakati mzee angeweza kurudi kwa njia ileile. Badala yake fundi alinakili mafaili yenyewe kwenye fleshi mbili, na kupiga picha inayoonyesha skrini na simu pamoja, ili tofauti ya saa ibaki na ushahidi.

Uamuzi wa kwenda kulia tu haukuwa wa kijinga, na inafaa usemwe kwa haki. Kanisa lilikuwa huko, soko lilikuwa huko, na kamera ya kushoto ilikuwa kimya. Kosa lilikuwa kwamba sababu hizo tatu zilihesabiwa kama mashahidi watatu, ilhali ile ya tatu haikuwa imejaribiwa hata kidogo.

Matokeo

Mzee alipelekwa kituo cha afya akiwa na majeraha ya miguu, baridi mwilini na upungufu wa maji, akarudi nyumbani siku iliyofuata. Hakukuwa na uhalifu wowote, na OPJ alifunga faili lake. Mkwe na binti walikwenda na mama shefu kuomba radhi kwa kijana wa pikipiki na kwa mama yake, na familia ikamlipa fedha za siku alizoshindwa kufanya kazi. Aliyeirusha video alijulikana na kuonywa.

Uchambuzi

Kamera zilisaidia. Bila Nyumba A hakuna ambaye angejua saa ya kuondoka, na bila Depo C upande wa kulia usingeweza kufungwa kwa uhakika. Lakini msaada wao ulikuja kwa kuchelewa, kwa sababu kila kamera ilisadikiwa au kukataliwa kabla ya kuulizwa inaona nini, kwa saa gani, na katika hali gani hulala. Nyumba A ilikataliwa kwa sababu ya rangi, kitu ambacho picha ya usiku haina. Depo C ilikataliwa kwa sababu ya tarehe. Nyumba B, iliyokuwa dhaifu kuliko zote, ndiyo iliyosadikiwa, kwa kuwa ilitoa jibu lililoonekana safi.

Kutoonekana kwenye kamera ndilo jambo gumu zaidi. Video inayomwonyesha mtu inaweza kujadiliwa na wote waliopo: mguu, mwendo, namna ya kushika mikono. Video isiyomwonyesha haina cha kujadiliwa, na kwa hiyo hupita kama jambo lililothibitika. Njia ya kuipima ni rahisi na haihitaji utaalamu: mpitishe mtu wa kimo hicho, mwenye nguo hizo, mahali hapo, kwa mwendo huo, na ikiwezekana saa hiyo hiyo. Jaribio la mjukuu lilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na kama lingefanyika mapema alasiri badala ya saa 21:00, utafutaji wa kulia usingemeza siku. Njia ya pili, ile ya kuwafuatilia wapita njia wengine kutoka kamera moja hadi nyingine, ni ya thamani zaidi pale ambapo haiwezekani kurudia hali ya usiku.

Mlinzi anastahili kutajwa peke yake. Alikuwa macho, alikuwa mahali penyewe, alisema aliloliona, na neno lake likashindwa na kamera iliyokuwa imelala. Ni desturi yetu kumdharau sentinele kwa sababu tunadhani amesinzia. Hapa tulikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuidhania kamera hivyo. Ushahidi wake ulipaswa kuwa ndio unaochochea jaribio la Nyumba B, badala ya kuzimwa na matokeo ya Nyumba B.

Kusambazwa kwa video kulileta madhara ya aina mbili. La kwanza linaonekana: kijana asiye na hatia alikaribia kupigwa. La pili limefichika: ndiye mtu pekee aliyezungumza na mzee kabla ya njia panda alfajiri ile na kuujua upande aliokwenda, na video ilimgeuza kutoka shahidi kuwa mkimbizi kwa saa tano hivi, katika saa ambazo neno lake moja lingerudisha timu nzima kushoto. Sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, Code du numérique, iliyotolewa kwa Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina kanuni za kulinda data binafsi. Lakini hata mtu asiyeijua sheria hiyo angeweza kuona kwamba kilichohitaji kusambazwa ni picha ya mzee, jina la kartie, na namba ya simu ya kupiga. Video ya barabara haikumsaidia yeyote kumtambua mzee. Ilisaidia tu watu kumtafuta wa kumlaumu.

Tangazo lenyewe lilikwenda kwa makundi ya jirani na jirani, na kwa hiyo likazunguka mahali ambapo mzee hakuwapo. Mtu aliyepoteza kumbukumbu huenda akatembea kuelekea mahali pa maisha yake ya zamani, na mara nyingi huendelea mpaka kitu kimzuie, reli, mto au uchovu. Familia ilikuwa imesikia kwa miaka miwili habari za posti ya asubuhi. Kama mashefu wa avenyu zilizo kati ya nyumba na kambi ya zamani wangepigiwa simu Jumatano asubuhi, huenda kamera zote tatu zisingehitajika, kwa kuwa mmoja wao alikuwa tayari na mzee katika eneo lake akingoja mtu wa kuuliza.

Yaliyobadilishwa baadaye

Mashine ya Nyumba A imewekwa kwenye saa ya Lubumbashi. Kamera ya Nyumba B imehamishiwa pembeni mwa geti ili wapita njia wakatize mbele yake badala ya kuijia uso kwa uso, na Depo C imepata betri mpya ya saa. Mama shefu alitaka kuwa na daftari la kamera zote za avenyu, zinaelekea wapi na saa zao zimekosea kwa dakika ngapi, lakini wenye parseli walimpinga: daftari la namna hiyo likianguka mikononi mwa wezi, litawaonyesha mahali pasipo na kamera. Walikubaliana aandike majina na namba za simu za wenye kamera tu, na kwamba akiitwa tena kwa mtu aliyepotea, awapigie wote asubuhi hiyo hiyo waambiwe wasifute kitu.